Tanaka Shozo, mzee aliyefunzwa na mto

Muhula uliopita nilialikwa katika shule moja ya upili mashariki mwa jiji la Nairobi kuzungumza na wanafunzi kuhusu uandishi wa insha. Nyuma ya darasa lile, ng'ambo ya ua wa shule, unapita Mto Nairobi. Kabla ya kuanza mazungumzo yetu, niliwauliza swali ambalo nililidhania kuwa jepesi: maji haya yanatoka wapi na yanakwenda wapi? Darasa zima likanyamaza. Hatimaye kijana mmoja akajitolea kusema kwamba ule haukuwa mto bali mtaro, na kwamba ulitoka mjini. Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao.

Nilipokuwa nikirejea nyumbani, kicheko kile kilianza kuniudhi. Mto ule huanzia katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukalipita jiji letu katikati, ukapokea maji ya Mathare na Ngong, ukamwaga katika Mto Athi. Athi nao hubadilika jina, ukawa Galana, kisha Sabaki, na mwisho wake ni Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Jina lenyewe la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Haya yote nayajua kwa kuyasoma. Lakini nimeuvuka mto ule kwa miaka mingi nikiwa nimeziba pua, na sikumbuki hata siku moja niliyosimama darajani kuutazama. Basi mimi na kijana yule tofauti yetu i wapi?

Ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja wa Japani aliyeaga dunia zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwao anajulikana kama tunavyowajua sisi mashujaa wetu wa uhuru, ingawa katika madarasa yetu hatajwi sana. Jina lake ni Tanaka Shozo, Tanaka likiwa ndilo jina la ukoo, maana Wajapani hulitanguliza. Naomba mwalimu mwenzangu na wewe mwanafunzi mnivumilie niyasimulie maisha yake, kwani yamo ndani yake mafunzo ambayo sijayaona kwingineko.

Tanaka alizaliwa mwaka 1841 katika kijiji cha Konaka, ambacho leo ni sehemu ya mji wa Sano katika mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji, naye Tanaka akaurithi wadhifa huo angali kijana mbichi. Katika zama zile wakulima walitawaliwa na mabwana waliotoza kodi kwa kadiri walivyopenda. Tanaka alisimama upande wa wakulima dhidi ya bwana wa eneo lake, na mwaka 1868 akatiwa gerezani kwa miezi kumi hivi. Chumba alichofungiwa kilikuwa kidogo mno hata hakuweza kusimama wima wala kujinyosha alalapo. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alihofia kuwekewa sumu katika chakula, akawa anajikimu kwa samaki mkavu aliopenyezewa na rafiki zake. Hakujua wakati ule kwamba sumu ingekuwa ndiyo kazi ya maisha yake.

Alipotoka, utawala wa zamani ulikuwa umeanguka na Japani ilikuwa imeanza enzi mpya chini ya Mfalme Meiji. Tanaka alipata kazi ya ukarani serikalini katika majimbo ya kaskazini. Huko nako mkuu wake aliuawa, naye Tanaka akasingiziwa mauaji hayo mwaka 1871. Alikaa kizuizini karibu miaka mitatu kabla ya kuachiliwa. Aliporudi kwao alifanya biashara ya ardhi, akapata faida kubwa, na papo hapo akaamua kwamba mali ile itumike katika kuutumikia umma badala ya kuzaa mali nyingine. Alianzisha gazeti, akachaguliwa katika baraza la mkoa mwaka 1880, akafungwa tena mwaka 1884 kwa kumpinga gavana aliyewalazimisha raia kujenga barabara, na hatimaye akawa mwenyekiti wa baraza hilo hilo. Mwezi Julai 1890 Wajapani walipopiga kura ya kwanza ya bunge, Tanaka alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa.

Mwezi uliofuata, Agosti 1890, Mto Watarase ulifurika. Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza.

Watarase huteremka kutoka milima ya Ashio, ukapita katika mashamba ya mpunga na miji ya wafumaji wa hariri, kisha ukaingia katika mto mkubwa uitwao Tone. Kwa vizazi vingi wakazi wa bondeni hawakuyachukia mafuriko yake. Maji yalipanda, yakakaa siku chache, yakarudi, na nyuma yake yakaacha tope laini lenye rutuba lililoletwa kutoka misitu ya milimani. Mkulima aliyepata tope hilo hakuhitaji mbolea. Samaki walikuwa tele na maelfu ya watu waliishi kwa uvuvi. Wapaka rangi wa vitambaa waliutegemea mto kwa usafi wa maji yake. Kwa ufupi, mto ule ulikuwa jirani: ulikuwa na ghadhabu zake, lakini ulilipa madeni yake.

Mwaka 1877 mfanyabiashara Furukawa Ichibei aliununua mgodi mkongwe wa shaba huko Ashio. Wazee wetu walisema Mgala muue na haki yake mpe. Furukawa hakuwa mvivu wala mjinga. Mgodi ambao wengi waliuona kuwa umekufa aliufufua, na baada ya mishipa mikubwa ya shaba kugunduliwa katika miaka ya 1880, Ashio ukawa mgodi wa shaba ulio mkubwa kuliko yote nchini. Shaba ile iliuzwa ng'ambo na kuliletea taifa fedha za kununulia mitambo na silaha. Maelfu ya watu walipata ajira. Japani ilitaka kulingana na mataifa ya Ulaya upesi iwezekanavyo, na shaba ya Ashio ilikuwa ngazi mojawapo.

Gharama yake ilitozwa kwingine. Misitu ya milimani ilikatwa kwa ajili ya magogo ya kuegemezea mashimo ya mgodi na kuni za matanuri. Miti iliyosazwa na shoka iliuawa na moshi wa salfa. Milima ikabaki upara. Mvua iliponyesha hapakuwa na mizizi ya kushika maji wala udongo, kwa hiyo kina cha mto kikapungua kwa mchanga na mafuriko yakaongezeka. Pamoja na mchanga ulikuja uchafu wa mgodi wenye shaba na sumu nyinginezo. Samaki wakaanza kuelea wamekufa. Mafuriko ya Agosti 1890 yalipojitoa mashambani hayakuacha mbolea kama ilivyokuwa ada. Yaliacha tope ambalo mpunga ulinyauka ndani yake, na miforosadi iliyolisha viwavi wa hariri ikakauka.

Angalia jinsi uhusiano ulivyogeuzwa. Mto haukubadili njia yake. Ulifanya kazi ile ile uliyoifanya kwa karne nyingi, yaani kuchukua kilichoko mlimani na kukigawa bondeni. Kilichobadilika ni kile kilichowekwa mlimani. Lakini mkulima aliyesubiri maji kwa furaha sasa aliyasikia yakija na kutetemeka.

Mwezi Desemba 1891 Tanaka alisimama bungeni na kuiuliza serikali kwa nini ilikuwa imenyamaza ilhali sheria ya migodi ilimpa waziri mamlaka ya kusimamisha kazi inayodhuru umma. Waziri mhusika alikuwa Mutsu Munemitsu. Mwanawe wa pili Mutsu alikuwa amelelewa na Furukawa kama mwanawe wa kupanga. Jibu la serikali lilikuwa kwamba chanzo cha madhara hakijajulikana na uchunguzi unaendelea, na kwamba mwenye mgodi ataagiza mitambo ya kunasa vumbi la madini. Kisha maafisa wakaenda vijijini kuwashawishi wakulima wapokee vijisenti na kutia sahihi kwamba hawatalalamika tena kabla ya mitambo ile kujaribiwa. Wengi walitia sahihi. Sitaki kuwalaumu, kwa sababu mwenye njaa hana muda wa kusoma maandishi madogo.

Mwaka 1896 mafuriko yalikuja makubwa kuliko yale ya awali, na sumu ikaenea katika mikoa kadhaa. Mitambo ile haikufua dafu. Kuanzia 1897 wakulima wakaanza kuandamana kwa miguu hadi Tokyo kwa maelfu yao, wakilala njiani katika baridi. Serikali ilitoa amri mwaka huo mgodi ujenge mabwawa ya kuzuia makapi na mnara wa kusafisha moshi, lakini madhara hayakukoma. Tarehe 13 Februari 1900, katika kitongoji cha Kawamata, polisi waliwavamia waandamanaji, wakawapiga na kuwakamata, na makumi yao wakashtakiwa. Siku chache baadaye Tanaka aliihutubia serikali bungeni kwa uchungu, akieleza kwamba taifa linalowaangamiza raia wake huwa limekwisha kuangamia, na kwamba kutolijua hilo ndiko maangamizi yenyewe. Waziri mkuu alijibu kwamba hakuelewa maana ya swali hilo, na kwa hiyo hangelijibu.

Huyu ndiye mbunge ambaye mwaka 1899, wenzake walipojiongezea posho kutoka yen 800 hadi yen 2,000 kwa mwaka, alipinga nyongeza hiyo na kuikataa posho yote. Naliandika jambo hili bila kuongeza neno. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa.

Mwezi Oktoba 1901 alijiuzulu ubunge. Tarehe 10 Desemba mwaka huo, Mfalme Meiji akirejea kutoka kufungua bunge, mzee huyu wa miaka sitini aliukimbilia msafara akiwa ameinua risala mkononi. Alijua fika kwamba huenda angeuawa pale pale. Aliteleza akaanguka, walinzi wakamkamata, na risala haikumfikia mfalme. Serikali ilipata hekima ya kutomfanya shahidi, basi ikamtangaza kuwa mwendawazimu na kumwachilia.

Hata hivyo nchi ilikuwa imesikia. Magazeti yalichapisha yaliyokuwamo katika risala, na kabla ya mwezi kwisha mamia ya wanafunzi wa Tokyo walisafiri pamoja kwenda kuyaona mashamba yaliyokufa. Waliporudi wakasimama barabarani kuwaeleza watu waliyoyaona na kukusanya michango. Wakuu wa serikali walijaribu kuzizuia harakati zao. Mimi nikiwa mwalimu, hapa ndipo ninaposimama kila ninapoyasoma maisha haya. Wanafunzi wale walikuwa wamesoma habari za Ashio magazetini kwa miaka kumi. Siku waliyoukanyaga udongo wenyewe ndiyo siku walipoanza kupata usumbufu usiku.

Serikali nayo ilitafuta ufumbuzi, na ufumbuzi wake ulikuwa wa ajabu. Badala ya kuuzuia mgodi, ilipanga kuzuia mafuriko kwa kujenga bwawa kubwa ambamo maji ya Watarase yangetulia na sumu ikazama, yasiyafikie maeneo ya chini. Mahali palipochaguliwa ni Yanaka, kijiji cha watu wapatao 2,700 kwenye makutano ya mito. Tatizo la sumu likabatizwa jina jipya, likawa tatizo la mafuriko, na waliopaswa kuhama wakawa ni wale wale waliodhurika.

Mwaka 1904 Tanaka alihamia Yanaka. Alikuwa na umri wa miaka 62. Mwaka 1906 kijiji kilifutwa kisheria. Wengi walikuwa wamekwisha kupokea fidia na kuondoka. Baadhi yao walifika hadi kisiwa cha Hokkaido, katika baridi kali ya kaskazini. Familia kumi na sita zilikataa. Kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai 1907 nyumba zao zilibomolewa moja baada ya nyingine, wao wakajijengea vibanda juu ya vifusi vyao wenyewe.

Nafika sasa penye kiini cha makala haya. Mwezi Agosti mwaka huo dhoruba kubwa ilipiga na Yanaka ikajaa maji. Tanaka alikwenda kwa mashua usiku ili kuwaokoa watu wale, akitarajia kukuta vilio. Aliwakuta watulivu. Waliyajua maji. Walijua yatapanda hadi wapi, na walikataa kuondolewa. Mzee alishangaa mno. Alikuwa ameishi nao miaka mitatu akijiona mwalimu wao, akiwahutubia juu ya sheria na haki. Usiku ule alianza kutambua kwamba hakuwa amewasikiliza, na kwamba walijua jambo ambalo yeye hakulijua. Tangu hapo akajihesabu kuwa mwanafunzi wa Yanaka, na akayaandika hayo waziwazi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka 1910 mafuriko makubwa yaliipiga Japani ya kati, na Tanaka, akikaribia miaka sabini, alianza safari ya kuipitia mito kwa miguu. Alikwenda kijiji baada ya kijiji kando ya Watarase, Tone na vijito vyake, akiwauliza wakulima maji yalifika wapi ukutani, yalitoka upande gani, yalikaa siku ngapi. Alipima na kuandika. Aligundua kwamba mahali fulani mto ulikuwa umebanwa ili maji yasielekee Tokyo, nayo yakarudi nyuma na kuyazamisha mashamba ya juu. Alifikia uamuzi kwamba maji hayaamrishwi. Yana mwendo wake, na mwenye kuutunza mto sharti aufuate mwendo huo, aanze na miti ya mlimani na si kuta za zege bondeni. Katika shajara yake alieleza kwamba ustaarabu wa kweli hauharibu milima wala mito, hauvunji vijiji wala kuua watu.

Alikuwa bado katika safari hizo alipougua mwezi Agosti 1913 na kulazwa katika nyumba ya mkulima mmoja. Alifariki tarehe 4 Septemba. Wageni walimiminika kumjulia hali, naye alisononeka, kwa kuwa aliona watu wanamhurumia Shozo lakini hawakujali jambo alilolipigania. Mali yake yote ilikuwamo katika mfuko mmoja: Agano Jipya, katiba ya nchi iliyoshonwa pamoja na Injili ya Mathayo, shajara tatu, mswada wa uchunguzi wa mito, karatasi za kufutia pua, mwani wa mtoni na kokoto tatu. Makumi ya maelfu ya watu walihudhuria mazishi yake, na vijiji vikagawana mabaki yake ili kila kimoja kipate kumzika.

Je, alishinda? Ukipima kwa siku ya kufa kwake, alishindwa kabisa. Bwawa lilijengwa, na mgodi uliendelea hadi mwaka 1973. Kampuni ilikubali kuwalipa wakulima fidia ya zaidi ya yen bilioni 1.5 mwaka 1974, miaka 61 baada ya mazishi yake. Na sumu haijui kustaafu: tetemeko la ardhi la Machi 2011 liliporomosha bwawa la makapi ya mgodi uliofungwa zamani, na madini ya risasi yakapatikana mtoni tena.

Lakini yako mengine. Katika miaka ya 1970 wajukuu wa Yanaka waliyazuia matingatinga yaliyokuja kuchimba ziwa mahali palipokuwa na makaburi ya wazee wao. Wahandisi wakalazimika kulikunja ziwa likwepe mabaki ya kijiji, na ndiyo sababu leo lina umbo la moyo. Matete yaliyoota katika bwawa lile yamekuwa makao ya ndege, na mwaka 2012 eneo hilo liliorodheshwa chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar. Huko juu Ashio, wananchi wa bondeni na watoto wa shule hupanda miti katika milima yenye upara. Mwaka 2014 Mfalme Akihito alizuru Sano na kuitazama kwa macho yake risala ile ambayo babu wa baba yake hakukabidhiwa.

Sasa turejee kwetu. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwaua watu wengi jijini Nairobi, na baadaye waliokuwa wakiishi katika mita 30 za kingo za mito waliamriwa kuondoka, nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru. Mwaka 2025 serikali ilizindua mpango mkubwa wa kuufufua Mto Nairobi. Siupingi mpango huo, na sisemi kwamba watu wabaki mahali ambapo maji yatawaua. Lakini maisha ya Tanaka yananilazimisha kuuliza maswali mawili. La kwanza: je, tunamwondoa anayedhurika, au pia tunakizuia kiwanda, bomba la majitaka na jumba la ghorofa vinavyodhuru kutoka juu? La pili: nani amewauliza wakazi wa kingo zile maji yalifika wapi ukutani? Wao ndio wanaoujua mto ule kuliko yeyote kati yetu, na ujuzi wao huondolewa pamoja na mabati yao.

Mashine zinaweza kuzoa taka. Haziwezi kumfanya kijana auite mto mto. Kazi hiyo ni yetu sisi walimu, na haihitaji bajeti kubwa. Uliza darasa lako maji ya karibu yanatoka wapi. Wapeleke wakawasikilize wazee wanaokumbuka mahali watoto walipoogelea na akina mama walipoteka maji ya kunywa. Waandike, wapime, walinganishe maji ya juu ya mji na ya chini. Hiyo ni jiografia, ni sayansi, na kwa hakika ni insha.

Mimi nimemwomba mwalimu mkuu wa shule ile anikubalie kurudi muhula ujao. Safari hii sitafundisha kitu darasani. Tutapanda matatu hadi Kikuyu, twende Ondiri, tushuke na mto kadiri miguu itakavyotuchukua. Kijana aliyeuita mtaro nimeomba atutangulie.